Amri Inanitii Mimi, Wanafunzi Inawakatalia

BARUA

Fundi, shikamoo.

Nafundisha kompyuta katika sekondari moja mjini Songea. Maabara yetu ina kompyuta kumi na nne za Ubuntu 22.04 na moja kuukuu ya Debian 12, zote za Linux. Kila moja ina akaunti tatu: yangu inayoitwa mwalimu, yenye haki ya sudo (kuendesha amri kama msimamizi), na mbili za wanafunzi, kidato5 na kidato6. Intaneti tunayotumia ni ya bando la simu, kwa hiyo JDK 21 (zana za kutengenezea programu za Java) nimeileta kwa flashi ikiwa kwenye faili la tar.gz. Nikaifungua ndani ya /home/mwalimu, kisha mwishoni mwa faili langu la .bashrc, la mipangilio ya teminali, nikaongeza mstari huu wa PATH, yaani orodha ya folda ambamo amri hutafutwa:

export PATH=$PATH:/home/mwalimu/jdk-21/bin

Kwenye teminali yangu mambo ni mazuri. Nikiandika javac, amri ya kukompaili Java, inafanya kazi. Lakini nikifungua Geany, programu ya kuandikia msimbo, katika akaunti hiyohiyo yangu, na kubonyeza kitufe cha kukompaili, naambiwa javac haipo. Wanafunzi nao wakiingia kwa akaunti zao wanaletewa "command not found". Niliwawekea mstari uleule kwenye .bashrc zao, jibu likabaki lilelile. Nikiwa kidato5 nikaandika anwani nzima, /home/mwalimu/jdk-21/bin/javac, safari hii ikaja "Permission denied". Nikirudi kwenye akaunti yangu na kutanguliza sudo, javac haipatikani tena.

Mwenzangu wa fizikia, mtu mwepesi wa kusaidia, akasema dawa ni kuandika kwenye /etc/environment ili iwe ya watu wote. Kwenye kompyuta ya mbele akaubadilisha mstari wa PATH uwe hivi:

PATH="$PATH:/home/mwalimu/jdk-21/bin"

Tulipoiwasha upya, ukurasa wa kuingia unapokea neno la siri, skrini inakuwa nyeusi kidogo, halafu unarudishwa palepale. Ni hivyo kwa akaunti zote tatu. Zile nyingine hatujazigusa.

Kuna na mengine madogo. Nina skripti kwenye crontab yangu (ratiba ya kazi zinazojiendesha zenyewe) inayotakiwa kukompaili kazi za wanafunzi kila usiku ili asubuhi nikute ripoti; ninachokuta ni "javac: not found". Kwenye ile ya Debian, nikitumia su na kuwa root, yaani mtumiaji mkuu, usermod (amri ya kurekebisha akaunti) haipatikani, ingawa mimi ndiye root! Na wanafunzi wawili watatu wanaoandika programu za C wameweka nukta mwanzoni mwa njia zao, PATH=.:$PATH, ili wasihangaike kuandika ./ kila mara. Wenzao wanataka niwawekee wote.

Ninaomba unisaidie. Je, kuna mahali pamoja pa kuandika njia hii ili akaunti zote, pamoja na root, ziione? Nimefikiria pia kufungua /home/mwalimu kwa chmod 777, yaani ruhusa zote kwa kila mtu, nimalize shida. Kidato cha sita wanakaribia mtihani, na vipindi vinapotea tukihangaika na mashine badala ya somo.

Mwalimu wa Kompyuta, Songea

JIBU

Marahaba, Mwalimu. Nimefurahi umeniandikia kabla ya ile chmod 777. Tafadhali usiiguse, nitakueleza sababu.

Kwanza tuinusuru kompyuta ya mbele, maana hiyo haihitaji nadharia. Ukurasa wa kuingia ukiwa wazi, bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Utapata skrini nyeusi ya maandishi inayoomba jina na neno la siri. Ingia kama mwalimu. Ukijaribu ls utaambiwa haipatikani. Usishtuke, programu zenyewe zipo salama mahali pake, ila sheli, ile programu inayopokea amri unazoandika, imesahaulishwa pa kuzitafuta. Kwa hiyo iambie kila kitu kwa anwani kamili:

/usr/bin/sudo /usr/bin/nano /etc/environment

Mstari wa PATH uurudishe kama ulivyokuja na Ubuntu, wote katika mstari mmoja:

PATH="/usr/local/sbin:/usr/local/bin:/usr/sbin:/usr/bin:/sbin:/bin:/usr/games:/usr/local/games:/snap/bin"

Ukitaka uhakika, fungua faili hilohilo kwenye mojawapo ya zile kumi na tatu ambazo hamjazigusa, ulinganishe herufi kwa herufi. Hifadhi kwa Ctrl+O, toka kwa Ctrl+X, kisha iwashe upya:

/usr/bin/sudo /usr/sbin/reboot

Kilichotokea ni hiki. Faili la /etc/environment linafanana na skripti kwa macho tu. Halisomwi na sheli. Linasomwa na kipande cha mfumo kiitwacho pam_env wakati mtu anapoingia, nacho huchukua jina na thamani kama vilivyoandikwa. Mwenzako alipoandika $PATH akitegemea igeuke kuwa njia ya zamani, pam_env iliichukua kama herufi tano za kawaida. Kuanzia hapo mfumo mzima ukawa na sehemu mbili tu za kutafuta amri: folda iitwayo "$PATH", ambayo haipo duniani, na folda ya JDK. Programu zinazofungua dezktopu hazikupatikana, ndiyo maana ulirudishwa mlangoni. Mwenzako hakukosea mahali. Faili la /etc/environment kweli linagusa kila akaunti. Kosa ni kwamba pale hakuna mkato, lazima njia yote iandikwe kwa urefu wake.

Siku nyingine ukijikuta umevunja PATH ndani ya teminali iliyo wazi, andika export PATH=/usr/bin:/bin na utapata pumzi. Amri ya export imo ndani ya sheli yenyewe, kama ilivyo cd na echo, hivyo haitafutwi popote na haiwezi kupotea.

Sasa swali lako kubwa: kuna mahali pamoja pa kuandika njia ili akaunti zote na root ziione? Hapana, Mwalimu, hapapo. Na ukishaelewa kwa nini hapapo, mengine yote uliyoyaandika yatajieleza.

PATH ni orodha ya folda zilizotenganishwa kwa nukta pacha. Ukiandika javac, sheli inaanza na folda ya kwanza kushoto, inakwenda ya pili, ya tatu, na pale inapoikuta kwa mara ya kwanza inaiendesha na kuacha kutafuta. Orodha hii haikai sehemu moja ya mfumo. Kila programu inayoendeshwa ina nakala yake, iliyopewa na programu iliyoizaa, na ikizaa nyingine nayo inairithisha. Mtoto akibadilisha yake, mzazi hajui. Hivyo jambo la kuuliza kila mara ni hili: programu hii imezaliwa na nani, na yule mzazi alipewa orodha gani?

Chukua Geany. Uliifungua kutoka kwenye menyu, kwa hiyo ilizaliwa na dezktopu. Dezktopu ilianza ulipoingia, na haikusoma .bashrc, kwa sababu .bashrc husomwa na bash, ambayo ndiyo sheli yako, inapofunguka kwenye teminali ya kuandikia amri. Teminali ikajua habari za JDK, Geany isijue. Ni akaunti moja na mtu mmoja, ila wazazi wawili tofauti. Ungeifungua Geany kwa kuandika geany ndani ya ile teminali, kitufe chako kingefanya kazi, na pengine ungechanganyikiwa zaidi.

Sudo ina sababu nyingine. Yenyewe haiamini njia uliyokuja nayo. Ndani ya /etc/sudoers kuna mstari wa secure_path, na chochote unachokiendesha kwa sudo kinapewa orodha hiyo badala ya yako. Hiyo ni kinga, na ninakusihi usiiondoe. Cron nayo kwenye Ubuntu na Debian inaanza na /usr/bin:/bin basi, hata kama /etc/environment inasema vingine. Hivyo skripti yako ya usiku haikuwahi kuisikia .bashrc.

Wanafunzi ndio walio na tatizo ambalo PATH haiwezi kulitibu hata kidogo. Kuanzia Ubuntu 21.04, folda ya nyumbani ya akaunti mpya inafungwa kwa watu wengine. Andika hivi:

ls -ld /home/mwalimu

Utaona drwxr-x---. Vile vistari vitatu vya mwisho maana yake mtu asiye wewe wala wa kundi lako haruhusiwi hata kupita. Ulipowawekea wanafunzi mstari wa PATH, sheli yao ilielekezwa kwenye folda isiyoweza kuingia, ikaipita kimya na kusema amri haipatikani. Ulipoandika anwani nzima ndipo ukweli ukatoka: "Permission denied". Kumbuka tofauti ya majibu haya mawili, itakuokolea muda mwingi. La kwanza linakutuma uangalie njia, la pili linakutuma uangalie ruhusa.

Sasa chmod 777. Ukiifungua /home/mwalimu kiasi hicho, mwanafunzi yeyote ataweza kufuta na kubadilisha majina ya mafaili yaliyomo, kuanzia mitihani unayoitunga hadi orodha za alama. Kibaya zaidi ni .bashrc yako. Atakayeweza kuibadilisha na nyingine ataandika humo amri yoyote, nayo itaendeshwa kwa jina lako siku utakapofungua teminali. Na jina lako lina haki ya sudo. Hata 755 sikushauri. Nyumba ya mtu si mahali pa kuweka programu ya maabara nzima. Siku ukihamishwa shule na akaunti yako ikafutwa, Java ya wote inakwenda nayo.

Ushauri wangu basi ni kuiacha PATH ilivyo na kuihamisha programu. Ipo folda ambayo dezktopu, teminali, akaunti za wanafunzi na sudo tayari wanaitazama bila kuambiwa: /usr/local/bin. Imewekwa makusudi kwa ajili ya vitu ambavyo msimamizi anavifunga mwenyewe nje ya apt, kile kifungaji cha programu cha mfumo. JDK yenyewe ni kubwa na ina folda nyingi, hivyo tutaiweka /opt, halafu ndani ya /usr/local/bin tutaweka viungo tu vya zile amri wanazozihitaji.

Ukiwa kwenye akaunti ya mwalimu, fanya haya kwa mpangilio:

sudo mv /home/mwalimu/jdk-21 /opt/jdk-21
sudo chown -R root:root /opt/jdk-21
sudo chmod -R a+rX,go-w /opt/jdk-21
sudo ln -s /opt/jdk-21 /opt/jdk
sudo ln -s /opt/jdk/bin/java /usr/local/bin/java
sudo ln -s /opt/jdk/bin/javac /usr/local/bin/javac
sudo ln -s /opt/jdk/bin/jshell /usr/local/bin/jshell

Mstari wa pili ni muhimu kuliko unavyoonekana. Ulifungua lile faili la tar.gz ukiwa mwalimu, hivyo kila kilichomo ni mali ya mwalimu. Programu inayoendeshwa na watu wote iwe mali ya root, ili asiwepo mwingine wa kuigeuza. Ule wa tatu unaruhusu kila mtu kusoma na kuendesha, na unawaondolea wengine haki ya kuandika. X iandike kubwa kama nilivyoiandika: inatoa haki ya kuendesha kwa folda na kwa mafaili ambayo tayari yalikuwa nayo, bila kuyafanya mafaili yote yaonekane kama programu. Kiungo cha /opt/jdk kisikushangaze, faida yake nitaifikia mwishoni.

Kisha rudi kwenye .bashrc yako na zile za wanafunzi, uufute ule mstari wa export. Usiuache eti hauna madhara. Baada ya mwaka mmoja hutakumbuka uliuweka kwa nini, na atakayekuja baada yako atapoteza siku akiufuata.

Ukijaribu javac kwenye teminali ambayo ilikuwa wazi tangu mwanzo, unaweza kupata jibu la ajabu kwamba /home/mwalimu/jdk-21/bin/javac haipo. Bash ikishaipata amri mara moja huikariri mahali ilipo ili isitafute tena. Andika hash -r, isahau, itafute upya. Geany haitaki lolote. Folda ya /usr/local/bin ilikuwa kwenye orodha yake siku zote, hivyo kitufe kitafanya kazi hata bila kutoka na kuingia.

Kupima, ingia kama mwanafunzi kabisa, au tumia:

su - kidato5

uweke neno la siri la akaunti hiyo, halafu:

type -a javac
echo "$PATH" | tr ':' '\n'

Amri ya kwanza inakuonyesha kila javac inayoonekana kwa mpangilio wa kutafutwa. Ya pili inaipanga njia folda moja kila mstari, macho yasichoke. Watu wengi hupima kwa sudo -iu kidato5 kwa kuwa haiulizi neno la siri la mwanafunzi. Kwa kazi hii usiitumie, kwa sababu sudo inakuja na secure_path yake, na utajikuta unaisifu njia ambayo mwanafunzi hana.

Skripti ya usiku inahitaji neno moja zaidi, kwani /usr/local/bin haimo kwenye orodha fupi ya cron. Fungua crontab -e na juu kabisa, kabla ya mistari ya saa, weka:

PATH=/usr/local/bin:/usr/bin:/bin

Hapa nako, kama kwenye /etc/environment, $PATH haigeuzwi. Iandike yote. Mimi binafsi kwenye skripti za cron napenda zaidi kuandika anwani nzima, /usr/local/bin/javac, mle ndani ya skripti yenyewe, maana skripti huhamishwa kutoka kompyuta moja kwenda nyingine na mstari wa juu wa crontab husahaulika.

Ile ya Debian ni hadithi ya su. Debian inawapa watumiaji wa kawaida njia isiyo na /usr/sbin, na usermod inakaa humo. Zamani, ukiandika su tupu, ulipewa njia ya root. Tangu Debian 10 ya mwaka 2019, su tupu inakuacha na njia uliyokuwa nayo kabla ya kubadilika. Umekuwa root kwa haki, lakini unatafuta amri kwenye folda za mwalimu. Andika su - yenye kistari, utaingia kama root aliyeanza upya na orodha yake mwenyewe. Ubuntu haikusumbui hivi kwa sababu ule mstari wake wa /etc/environment unawapa wote folda za sbin. Viungo vya Java nilivyokuonyesha vinafaa pia kwenye Debian, bila kubadilisha chochote.

Sasa nukta, Mwalimu, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko kwingine. Nukta ni folda uliyopo kwa sasa, popote ulipo. Mwanafunzi mwenye PATH=.:$PATH anaiambia sheli: kabla ya kutafuta ls ya mfumo, angalia kama kuna kitu kinaitwa ls hapa niliposimama. Mko kwenye maabara ya vijana wanaojifunza, na wengine ni wadadisi kweli. Mmoja akiweka kwenye folda mnayoshirikiana faili linaloitwa ls, ndani yake mkiwa na amri ya kufuta kazi, mwenzake mwenye nukta akiingia humo na kuandika ls ndiyo imetoka. Hakudukuliwa na mtu wa mbali. Aliiendesha mwenyewe, kwa haki zake mwenyewe. Ikiwa nukta hiyo iko kwenye akaunti yako, zinazotumika ni haki zako.

Kuiweka nukta mwishoni kunapunguza hatari, hakuiondoi. Faili likiitwa sl au gerp, likisubiri vidole vinavyokosea, litapatikana palepale. Kuna pia nukta isiyoonekana: nukta pacha mbili zikifuatana, au moja ikining'inia mwanzoni au mwishoni mwa PATH, nafasi ile tupu inahesabiwa kuwa folda uliyopo. Ukiona :: kwenye njia ya mtu, ni nukta ileile. Kwa root isiwepo kabisa, kwa sura yoyote.

Hivyo usiwawekee wote. Waondolee wale waliojiwekea, ukiwaeleza sababu. Hili ni somo zuri la usalama kuliko kurasa nyingi za nadharia. Lile ./ wanalolilalamikia lina kazi: linawalazimisha kusema kwa makusudi kwamba wanataka programu iliyo hapa. Mwenye skripti zake anazozitumia kila siku atengeneze folda ya bin nyumbani kwake:

mkdir -p ~/bin

Faili la .profile linalokuja na Ubuntu tayari lina maelekezo kwamba folda hiyo ikiwepo iongezwe kwenye njia wakati wa kuingia. Atoke, aingie tena, basi. Ikiwa kwa mwanafunzi fulani haionekani hata baada ya hapo, andika ls -a nyumbani kwake uone kama kuna faili la .bash_profile. Bash inapoanza kama sheli ya kuingia hutafuta .bash_profile, kisha .bash_login, kisha .profile, na husoma lile la kwanza kulikuta, mengine inayaacha. Kuna programu zinazojifungia zenyewe na kuacha .bash_profile nyuma yao, na tangu siku hiyo .profile halisomwi tena wala hakuna onyo. Hamishia mistari ya .bash_profile ndani ya .profile, kisha ulifute hilo .bash_profile.

Ikitokea siku unahitaji kweli kuongeza folda kwa watumiaji wote, tuseme programu yenye amri arobaini usizotaka kuziundia viungo, usiguse /etc/profile yenyewe. Tengeneza faili lako ndani ya /etc/profile.d, jina lake liishie na .sh, bila hiyo halisomwi. Humo sheli ndiyo inayosoma, hivyo $PATH inageuka kama mlivyotarajia:

export PATH="$PATH:/opt/programu/bin"

Weka folda mpya mwishoni, baada ya $PATH, isije ikafunika amri za mfumo zenye majina yaleyale. Itaonekana baada ya kutoka na kuingia tena. Sudo na cron hazitaiona. Na kama kuna mtu atakushauri ubadilishe mafaili ya /etc/skel, fahamu kwamba hayo hunakiliwa akaunti inapoundwa tu. kidato5 na kidato6 zimeshaundwa, hazitabadilika.

Nilikuahidi kile kiungo cha /opt/jdk. Java hutoa matoleo yanayohudumiwa kwa muda mrefu kila baada ya miaka miwili: 21 lilitoka Septemba 2023, na 25 Septemba 2025. Siku utakapoleta JDK 25 kwa flashi, ifungue moja kwa moja ndani ya /opt, ipe jina jdk-25, irudie chown na chmod, kisha:

sudo ln -sfn /opt/jdk-25 /opt/jdk

Amri zote tatu zinahama kwa pamoja. Hili lina maana kubwa darasani, kwa sababu javac ya 25 ikibaki na java ya 21, wanafunzi watakompaili vizuri halafu programu zao zigome kuanza kwa kosa la UnsupportedClassVersionError, na kila mmoja atadhani ameandika vibaya. Iache /opt/jdk-21 mahali pake mpaka kidato cha sita wamalize mtihani. Ikibidi kurudi nyuma, ni amri hiyohiyo yenye namba ya zamani.